Dakika ya Arobaini na Moja

Ofisi ya ukaguzi wa filamu ilikuwa na wakaguzi watatu, kompyuta mbili na utaratibu mmoja: dakika kumi za mwanzo, dakika tano za mwisho, halafu muhuri. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Ulianza video zilipoacha kuja kwenye kaseti zikawa zinakuja mtandaoni, maelfu kwa maelfu, kutoka kwa kampuni isiyokuwa na ofisi nchini, wala sanduku la barua, wala mtu wa kumpigia simu. Mkuu wa kitengo, ambaye wote walimwita Bosi Kanuni, alikuwa ameiandikia kampuni hiyo barua mia tatu na kumi na mbili, akiitaka ifuate sheria za nchi. Zote zilijibiwa papo hapo kwa maneno yale yale: asante kwa kuwasiliana nasi, furahia mwezi wa kwanza bure. Bosi Kanuni aliyachapa majibu yote akayaweka kwenye jalada.

Jumatatu moja mkaguzi mdogo kuliko wote, binti mwenye mwaka mmoja kazini, alipewa filamu kuhusu moto wa kiwanda cha mashati. Mwenye kiwanda alikuwa amelalamika. Binti akaangalia dakika kumi za mwanzo: moshi. Akaangalia dakika tano za mwisho: wanawake wamesimama mbele ya ukuta mweusi, migongo kwa kamera, kisha orodha ya majina. Majina hakuyasoma, maana filamu nane nyingine zilikuwa zinamsubiri. Akaandika kwenye fomu kwamba inaweza kuleta taharuki, akagonga muhuri wa zuio, akasaini. Ilikuwa saa sita mchana.

Kampuni ilijibu papo hapo. Filamu iliendelea kuonekana dunia nzima, hata kwenye simu ya mlinzi wa getini. Muhuri, ulipokosa pa kushika kule, ulishika huku.

Jioni mkaguzi alimkuta mama yake mdogo jikoni, anamenya viazi. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa ameshona kwenye kiwanda kile miaka kumi na tisa, na siku ya moto aliokoka kwa kuruka dirishani.

"Keshokutwa tunaitwa kwenye tume ya kuchunguza moto," alisema mama mdogo. "Mimi sizunguki mbuyu. Nitawaambia kwamba..."

Midomo yake iliendelea kutembea. Mkono wenye kisu ulichora kitu kirefu hewani, kisha ukazungusha kitu kidogo. Sauti haikutoka.

"...na hilo ndilo nitakalosema. Hebu nipe chumvi."

"Mama mdogo, hapo katikati sijakusikia."

"Hata mimi sijajisikia. Tangu saa sita mchana. Jirani yangu wa cherehani kanipigia, naye ni hivyo hivyo. Wote kumi na mmoja tuliosema kwenye ile filamu."

"Filamu gani?"

"Ya moto. Sikukwambia. Uko serikalini, ningekutia matatani bure."

Mkaguzi alimpa chumvi. Baadaye walijaribu kuandika. Kalamu iliandika tarehe vizuri, na orodha ya sokoni pia, lakini ilipofika kwenye moto wino ulikauka. Penseli nayo ilivunjika hapo hapo. Mama mdogo aliichonga akaitumia kujikunia kichwa.

Usiku ule mkaguzi aliangalia filamu yote. Katika dakika ya arobaini na moja mama mdogo alikuwa amekaa sebuleni kwao, kwenye kiti kile kile, anasema kwa sauti safi kwamba mlango wa kiwanda ulifungwa kwa kufuli, kwa nje, kila siku saa mbili asubuhi, na kwamba siku ile msimamizi aliondoka na ufunguo. Akawataja wenzake saba waliobaki ndani, mmoja mmoja, kila mmoja na cherehani aliyokuwa anaitumia.

Asubuhi mkaguzi alisimama mbele ya meza ya Bosi Kanuni.

"Naomba kuondoa muhuri, bosi. Sikuangalia katikati. Mama yangu mdogo yumo, na tangu jana akifika kwenye moto sauti haitoki."

"Nani anaangalia katikati? Binti yangu, muhuri unaondolewa kampuni ikishasaini kwamba imepokea zuio. Haijawahi kusaini chochote."

"Kwa hiyo zuio halijafika."

"Halijafika."

"Basi si halipo?"

"Lipo. Mama yako mdogo si amenyamaza? Tangu niingie kitengo hiki, hili ndilo zuio letu la kwanza kufanya kazi." Hakusema kwa kejeli. Alifungua jalada jipya akaliandika namba moja.

Jumatano wanawake kumi na mmoja walisimama mbele ya tume kwa zamu. Karani aliandika alichosikia: jina, umri, kazi, na "ndiyo hayo." Mtu mmoja alipendekeza filamu ionyeshwe. Mwenyekiti alisema ameiona Jumamosi na mkewe, ni nzuri sana, lakini tume haiwezi kupokea kitu kilichozuiwa na serikali. Mkaguzi aliinua mkono hadi usawa wa bega.

"Ulikuwepo siku ya moto?" mwenyekiti alimuuliza.

"Hapana."

"Basi ushushe."

Akaushusha. Taarifa ya tume ilisema vifo vilisababishwa na moshi.

Njiani kurudi nyumbani mkaguzi alisema, "Mama mdogo, ule muhuri ulikuwa wangu."

"Najua. Barua ya zuio walitubandikia kwenye geti la kiwanda. Nani mwingine ana saini kama kuku kapita kwenye tope?" Akamshika mkono wa kulia, ule wa muhuri, wakavuka barabara. "Twende ukale. Tangu juzi unadonoa tu."

Kiwanda kilifunguliwa tena mwezi uliofuata, kikiwa na rangi mpya, na mama mdogo alirudi kwenye cherehani yake, kwa kuwa hakujua kazi nyingine. Siku hizi mkaguzi huangalia kila filamu mpaka jina la mwisho. Mafaili yamepanda hadi usawa wa dirisha, na Bosi Kanuni amemwonya mara mbili. Kiwanda kiko mtaa wa pili. Saa mbili kamili asubuhi husikia kufuli likibanwa. Husimamisha filamu, hungoja kidogo kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi, kisha hubonyeza tena, na filamu inaendelea.