Mlango Ambao Anastasie Hakuuchora

Anastasie alikuwa mwalimu wa desini, yaani somo la kuchora, katika shule moja ya misheni mjini Kasongo. Kila likizo kubwa ilipofika, alizifunga kaye zake, madaftari ya kuchorea, katika mfuko wa plastiki, akapanda pikipiki, akaenda kuchora majengo ya zamani. Hakuna aliyemtuma. Alianza na msikiti wa mtaa wa pili kutoka kwao, akafuata nyumba ya mapadri, kisha akaenda Nyangwe kuchora kuta chache zilizobaki karibu na mto. Watu walipomuuliza kazi hiyo ni ya nini, alijibu kwamba nyumba hizi ni za udongo na kila masika yanaondoka na moja.

Mwaka juzi zamu ilikuwa ya Kabambare. Faradji, motari wa pikipiki ya kukodi aliyeijua njia hiyo shimo kwa shimo, ndiye aliyempeleka. Mara tatu Anastasie alishuka akatembea kwa miguu, Faradji akisukuma pikipiki katika tope, na walipovuka kijito kaye zilipita juu ya kichwa cha mwalimu kama mtungi.

Walipofika, Faradji alimwonyesha nyumba karibu na soko. "Mama mwalimu, ukiikosa hii, umekuja bure."

Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali mabichi, kuta zake nene, na baraza mbele. Mlango wake mkubwa wa mbao ulikuwa umechongwa maua na minyororo. Wenyewe walisema ilijengwa na baba wa babu yao, mfanyabiashara aliyetokea upande wa Ujiji. Sasa walikaa humo ndugu wawili. Moussa, mwenye duka la vitambaa, alikaa vyumba vya mbele na mke wake na watoto. Dada yake Latifa, aliyefiwa na mume, alikaa chumba cha nyuma kilichokuwa cha mama yao. Chumba hicho kilikuwa na mlango wake, mdogo, ubavuni mwa nyumba, unaotazama njia ya soko. Latifa alipitisha hapo chai na mikate aliyowauzia watu asubuhi.

Anastasie alikaa ng'ambo ya njia, mahali ambapo aliona mbele na ubavu pamoja, akachora asubuhi mbili. Alinyoosha mkono na krayoni, penseli yake ya kuchorea, akafumba jicho moja, akapima urefu wa baraza, mteremko wa paa, upana wa ule mlango mkubwa. Mbele kulimtoka vizuri. Ubavuni ndipo alipokwama. Ukuta ule ulikuwa mrefu na mtulivu, jua la asubuhi likiupiga kwa mshazari, na katikati yake ulikaa ule mlango mdogo uliopinda, umetiwa kiraka cha bati la pipa, na lundo la kuni pembeni. Alijaribu kuuchora, akaufuta. Akajaribu tena. Mwishowe akapitisha kivuli chepesi mahali pale, ukuta ukawa safi toka pembe hadi pembe. Hakulifikiria sana jambo hilo. Alirudisha kichwa nyuma, akatazama, akaridhika.

Asubuhi ya pili, akiwa bado anakazia kivuli, Latifa aliinama akatoka kwa mlango uleule, akavuka njia na sinia.

"Kunywa, mwalimu. Jua inakupiga tangu asubuhi."

Chai ilikuwa na tangawizi, mkate ulikuwa wa moto. Latifa hakuitazama karatasi. Wateja walikuwa wanamwita, akarudi mbio.

Anastasie alikuwa na desturi ya kumwachia mwenye nyumba nakala moja kama shukrani. Aliinakili desini ile kwa wino, akamkabidhi Moussa, na chini yake akaandika kwa herufi nzuri za ubaoni: *Nyumba ya ukoo, Kabambare, jinsi ilivyo*. Akatia tarehe na sahihi. Moussa alifurahi sana. Aliitundika dukani, juu ya vitambaa.

Masika yaliyofuata, ukuta wa ubavuni ulilala chini. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, maji yakaula msingi, na mchana mmoja ukuta ukaanguka ukivuta nusu ya paa. Latifa alikuwa sokoni. Hakuna aliyeumia. Anastasie aliipata habari kwa Faradji, akasikitika, na pia, ukweli usifichwe, alijisikia fahari kidogo kwamba aliiwahi nyumba ile.

Miezi mitatu baadaye Faradji alikuja shuleni saa ya mapumziko. Hakuzima hata pikipiki vizuri.

"Mama mwalimu, desini yako imeleta maneno kule."

"Maneno gani?"

"Moussa anajenga upya. Anasema atajenga kama desini inavyosema, ukuta mzima, haina mulango. Chumba ya Latifa itafunguka kwa ndani, kupita kwake Moussa. Latifa amekataa. Anasema mulango ulikuwako tangu mama yao, na yeye hawezi kupita sebuleni mwa kaka yake na sinia za chai kila asubuhi. Moussa amebeba desini mbele ya watu. Anasema: huyu mwalimu hana upande, ni mugeni, alichora alichoona. Mulango iko wapi?"

"Lakini majirani wote wanaujua huo mlango!"

"Wanaujua. Moussa anasema ulitobolewa juzijuzi, haipiti miaka mitano, Latifa alipoanza biashara ya chai, na desini yako ndiyo inaonyesha nyumba ya wazee ilivyokuwa. Kuna wazee wanaanza kumusikiliza, sababu umeandika chini 'jinsi ilivyo'." Faradji akashusha sauti. "Latifa amenituma neno moja. Anauliza: ile chai ulikunywa, ilitokea mulango gani?"

Anastasie alijisikia uso unamwaka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipita katikati ya madawati akiwaambia wanafunzi: chora unachokiona, si unachokipenda.

Wazo la kwanza lilikuwa kuandika barua. Faradji akatikisa kichwa. "Barua nikiipeleka mimi, Moussa atasema niliiandika mimi."

Basi akaomba ruhusa shuleni, akafunga mfuko wake. Safari hii njia ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Daraja moja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji, wakavushwa kwa mtumbwi, pikipiki imelazwa kama mbuzi wa kuchinja. Alifika Kabambare tope limemfika magotini, na hakwenda kupumzika. Alimwomba Faradji ampeleke moja kwa moja kwa Djamali, baba mdogo wa ndugu wale wawili, ambaye hakukulia katika nyumba ile lakini ndiye aliyekuwa akisikiliza shauri lao.

Walikutana kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, kwenye baraza ya Djamali. Moussa alikuja na desini imefungwa kwenye kitambaa. Latifa alikaa mbali kidogo, kanga imefunika mabega, hamtazami mwalimu.

Moussa alimpokea kwa heshima. "Mama Anastasie, pole na njia. Hatutakuchosha. Hii desini ni ya mukono wako?"

"Ni ya mkono wangu."

"Na ulichora ulichoona?"

"Hapana, Papa Moussa."

Anastasie akaona afadhali aseme yote kwa mkupuo mmoja.

"Mlango mdogo ulikuwako. Niliuona siku zote mbili. Niliuacha kwa sababu ulikuwa umepinda na ulikuwa na kiraka, nikaona unaniharibia ukuta. Chini nikaandika 'jinsi ilivyo'. Huo ulikuwa uongo. Dada Latifa aliniletea chai akitokea mlango huohuo, nami nikiwa na krayoni mkononi nikiufuta. Naomba anisamehe. Na wewe pia unisamehe, maana nilikupa karatasi ya uongo kama zawadi."

Moussa akasema polepole, "Kama mukono wako ulidanganya, mudomo wako tuuamini kwa nini? Na tena unasema uliuona mwaka jana. Mie sikatai. Nasema wazee hawakuujenga."

Moussa alikuwa amesema haki. Anastasie hakujua ni nani aliyejenga nini, wala lini.

Djamali akainuka, akavaa viatu. "Twende pale."

Ukuta ulikuwa bado umelala, lundo refu la udongo lililoanza kuota majani. Anastasie alivuka njia, akasimama mahali alipokuwa amekaa. Akanyoosha mkono na krayoni, akafumba jicho moja, akapima toka pembe iliyosimama bado. Kabla ya kuufuta mlango alikuwa ameupima mara mbili, na jicho lilikuwa halijasahau.

"Hapo aliposimama Faradji. Rudi nyuma kidogo. Hapo."

Latifa hakungoja mtu. Alichukua jembe la jirani, akaanza kuchimba mwenyewe. Faradji akaingia kumsaidia, na baadaye, kwa kuwa aibu ya kusimama ilimzidi, Moussa naye akavua kanzu. Walitoa kwanza kiraka cha bati, kimekunjwa kama karatasi. Chini yake udongo mgumu. Chini ya udongo, sambamba na msingi, jembe likalia juu ya jiwe.

Walilisafisha kwa maji. Lilikuwa jiwe bapa, refu kama mkono wa mtu, limejengewa ndani ya msingi wenyewe, mawe ya pande zote mbili yamelishika. Katikati yake lilikuwa limelika, limebonyea na kuteleza kama jiwe la kusagia.

"Jiwe ni jiwe," akasema Moussa, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Djamali alipitisha kiganja katika ule mbonyeo. "Miguu ya miaka mitano haifanyi hivi," akasema. "Hii ni miguu ya mama yenu, na ya mama wa baba yenu kabla yake. Jenga, Moussa, na mulango uache pahali pake."

Moussa alivaa kanzu yake. Aliifungua desini, akamkabidhi Anastasie bila kumtazama. "Beba karatasi yako."

Anastasie alitaka kuirekebisha palepale, achore mlango juu ya kivuli. Latifa akaizuia karatasi kwa mkono wenye tope.

"Hiyo uache. Utaongeza mulango, watasema tena umeongeza. Chora hii." Akaonyesha shimo, bati, jiwe.

Anastasie akakaa chini akachora. Ilimchukua mchana mzima. Alichora majani juu ya lundo, jembe lililolala, na nyufa zote alizoweza kuziona. Latifa hakuleta chai siku hiyo. Lakini alikaa karibu, na mara moja alinyoosha kidole akasema, "Hapa umesahau kijiwe," na kweli alikuwa amekisahau.

Nyumba ilisimama tena kabla ya masika mengine. Mlango uko, ingawa Moussa aliwaambia mafundi waubane, na Latifa hupita na sinia kiubavuubavu. Wale ndugu wanasalimiana. Moussa na Anastasie hawakusalimiana kwa muda mrefu. Mwalimu alimtumia salamu kwa Faradji mara nne, na mara nne Faradji alirudi mikono mitupu.

Mara ya tano alirudi anacheka.

"Moussa anasema, likizo ikifika uje uchore duka lake. Amepaka rangi mupya. Lakini anaomba, ile bati ya paa imeshika kutu kwa mbele, uiache."

Anastasie alikuwa anasahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini.

"Mwambie nitakuja," akasema. "Na mwambie aweke bati jipya kabla sijafika, kama kutu inamkera."

Faradji akawasha pikipiki, bado anacheka, akaenda kupeleka jibu.