Mimba ya Barua Pepe

Wanaosema kisasi hakifai hawajafanyiwa. Mie nimefanyiwa, nikalipiza, na usiku ule nililala fofofo.

Mjukuu wangu Naima anasomea mambo ya samaki chuoni, namna ya kupima kama wameoza kabla pua haijajua. Mama yake, Mwanakombo, anauza samaki Kunduchi, kwa hiyo masomo hayo mtoto aliyaanza akiwa mgongoni. Mwaka wa mwisho wanakwenda fildi, yaani miezi mitatu ya kujifunza kazi kwa wenye kazi. Wenziwe waliangukia viwanda vya hapa hapa. Naima akaandika mwenyewe kwenye maabara moja ya Ureno, akaandika tena na tena. Mara ya tano mama mmoja wa huko, Bi Graça, akamjibu: njoo, nafasi iko moja, kula na kulala juu yetu. Kilichobaki ni chuo kuthibitisha jina, na hiyo ni kazi ya Mwalimu Isack, msimamizi wa fildi.

Jumatatu Naima alinijia Vingunguti macho yamemvimba. Bi Graça ameandika kwamba anasikitika Naima kujitoa, na nafasi sasa ni ya mwenziwe, Loveness.

"Babu, mie sijajitoa!"

"Nisomee yote."

Akasoma Kiingereza huku ananifasiria. Mwishoni palikuwa na neno, akaliruka.

"Na hilo?"

"La kwao. Labda kwaheri."

"Nitajie herufi."

Parabéns. Shule mie niliipata vipande vipande, darasa la pili Kisarawe, la nne Lindi, basi. Lakini Beira, Msumbiji, wanakosema Kireno, nilikaa miaka mitatu nikipakua magunia bandarini, na neno hilo nililisikia kila nyumba iliyopata mtoto.

"Naima, huyo mama anakupa hongera."

"Hongera ya nini?"

"Muulize."

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa, na ndani yake barua ya Isack kama alivyoiandika: mwanafunzi Naima ni mjamzito, hawezi kusafiri, chuo kinamleta Loveness badala yake. Loveness ni mtoto wa dada wa mkewe, anasomea utalii. Samaki anamjua akiwa kwenye sahani.

Bi Graça aliomba radhi, ila akasema yeye anafuata neno la chuo. Chuo kisahihishe kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana hapo majina yanakwenda ubalozini.

"Babu," Naima akasema polepole, "na mama akisikia nina mimba?"

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kuiba nafasi, sawa, wezi wako wengi. Lakini umvishe binti wa watu mimba mbele ya wageni ili umwibie vizuri!

Jumanne akaenda chuoni. Mkuu wa chuo yuko safarini. Naima akamkuta Isack getini anatoka, amefiwa na baba yake. "Binti, huoni nina msiba? Tutaongea wiki ijayo." Wiki ijayo! Alijua anachokisema.

"Msiba uko wapi?" nikamuuliza Naima.

"Tandale. Wanazika Alhamisi, Kinondoni."

"Watu wa wapi hao?"

"Tabora. Wanyamwezi."

Nikacheka mpaka akaniogopa. Mie Mzaramo. Mnyamwezi ni mtani wangu tangu mababu zao walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani. Na mtani msibani hafukuzwi. Atamsema maiti, atavaa viatu vyake, ataingia hata kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe anachotaka. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

Alhamisi nikavaa kanzu, na ndani yake nikajifunga mto tumboni kwa kanga ya Mwanakombo. Nikamwambia Naima anifuate.

Jeneza lilipofika, kabla hawajalishusha, nikapenya katikati ya watu, nikateremka kaburini, nikalala chali, tumbo juu.

"Mtani kaingia!" Vicheko vikaanza. Isack naye akacheka, akanirushia noti.

"Haya mtani, toka."

Nikamrudishia. "Sitoki. Nina uchungu."

"Uchungu wa nini tena?" Aliyeuliza ni shangazi yake Isack, bibi mnene mwenye sauti, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki.

"Wa kuzaa, dada. Nina mimba."

"Mimba ya nani, we zee lisilo na meno?"

"Ya mtoto wa kaka yako huyo. Kanipa kwa barua pepe."

Watu walicheka mpaka wabebaji wakaliweka jeneza chini. Bibi akajifuta machozi. "Kwa barua pepe inaingiaje?"

"Muulize mwenyewe. Kamwandikia mama wa Ureno kwamba mjukuu wangu, Naima, yule pale, ana mimba, ili fildi yake apewe Loveness. Nikaona mtoto mwembamba vile mimba hataiweza. Nikambebea."

Kicheko kilikatika upande wa wanawake kwanza. Loveness alikuwa kati yao, akavuta mtandio usoni.

"We Loveness, unakwenda Ureno?" bibi akauliza.

"Baba mdogo alisema nafasi ilikuwa wazi."

Isack akachuchumaa ukingoni, uso umemwiva. Akasema kwa sauti, wote wasikie: "Mzee, huu ni utani au si utani? Maana kama si utani, naita polisi."

Hapo alinipata. Nikisema si utani, basi nimechafua kaburi la watu, na vijana wa Tandale wangenivunja mbavu mle mle. Nikisema ni utani, yote niliyoyasema ni mzaha na yeye yuko huru. Watu wakasogea wanisikilize.

"Utani," nikasema.

Akasimama anatabasamu. "Mmesikia? Utani tu."

"Utani. Na mtani hatoki mpaka apewe. Sitaki noti, sitaki kuku. Nataka umwandikie Bi Graça sasa hivi kwamba Naima hana mimba na ndiye anayekwenda. Andika nizae, baba yako alale."

"Shangazi, haya ni mambo ya ofisi, hapa si mahali pake..."

"Isack, kaka yangu yuko juani. Mtoe mtani."

"Lakini shangazi..."

"Mtoe mtani!" Na wazee wa Kinyamwezi wakadakia: mtoe, mtoe!

Akatoa simu, akaandika. Bibi akampokonya, akampa Naima asome kwanza.

"Ameandika inasemekana sina mimba," Naima akasema.

"Toa inasemekana!" wanawake wakapiga kelele. Ikatolewa. Naima akasoma tena, akatikisa kichwa kukubali, Isack akabonyeza. Nikauchomoa mto nikaurusha juu, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele pale pale makaburini. Wakanivuta, marehemu akapata nyumba yake.

Tulikuwa hatujafika Tandale Bi Graça akajibu: jina la Naima limerudi, pole kwa usumbufu. Naima alisimama njiani akalia, mie nikamshikia simu.

Msibani bibi akaleta sinia la wali na nyama. Ndivyo ilivyo: mtani akishatesa watu, ananawa, anakula sinia moja na wafiwa, yameisha. Isack alikuwa ameshakaa, mikono imelowa maji, ananingoja.

"Karibu mtani," akasema. "Tuyamalize."

Naima akaninong'oneza, "Babu, kula. Nafasi tumeshapata."

Nikamwambia ale yeye. Naima akala. Mie sikunawa. Nikamuaga bibi peke yake, nikatoka, nikamwacha Isack na mikono yake imelowa.

Mtani asipokula, halijaisha. Isack anajua. Naima yuko Ureno sasa, na Isack bado yuko kwenye kiti chake, nikikutana naye ananiambia shikamoo, nami simwitikii. Nina miaka sabini na mbili, yeye hata hamsini bado. Kila nikiswali naomba umri tu, nimzike.