Wakazi wa Lundo la Mboji

Hélio, karani wa uandikishaji, alimaliza kuhesabu miti ya Saquina saa nne asubuhi. Kila mti aliupaka namba kwa rangi nyekundu, kisha akanawa mikono kwenye ndoo. Minazi sita, mikorosho kumi na mmoja, na mwembe mmoja usiozaa ambao nao uliandikwa bila kuulizwa. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu gesi ipatikane baharini, na kitongoji chao, nje kidogo ya kijiji cha Mute, kilikuwa kinahesabiwa ili kihamishwe kupisha barabara ya kampuni.

"Na hapa?" Saquina aliuliza, akionyesha lundo la mboji nyuma ya jiko.

"Hapo hakuna mti, mamã."

Kweli, hapakuwa na mti. Palikuwa na majani ya mikorosho, matumbo ya samaki, majivu na mavi ya mbuzi, miaka kumi na tisa ya kupindua na kumwagia maji. Ardhi ya pale ni mchanga mtupu, maji huingia asubuhi na jioni hayapo. Lundo hilo ndilo lililoufanya mchanga wa Saquina ushike maji na mahindi yake yawe marefu kuliko mwenyewe, hata majirani wakasema ana dawa. Dawa yenyewe ilikuwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waliokula taka usiku na mchana mpaka lundo likatoa mvuke.

Kwao, anayehama huaga kwa mdomo wake kila anayeishi ndani ya ua, hata wifi aliyenuniana naye. Saquina alimaliza kuwaaga watu, na kwa kuwa hakutaka lawama, akasimama mbele ya lundo.

"Jamani, tumeandikwa, tunahama," alisema. "Kama nimewakosea, mnisamehe."

Kuaga huko ndiko kulikoleta shughuli. Kesho yake wakazi wa lundo nao wakaja kuandikwa. Walikuwa watu wafupi, weusi wa kung'aa, wenye joto la homa, wakinukia mvua ya kwanza. Baadhi yao walikuwa wembamba sana, wameunganishwa kiunoni kwa nyuzi nyeupe, hivi kwamba mmoja akikohoa wote walitikisika. Walisalimia vizuri, wakakaa. Saquina aliwapa maji, akahamisha mkeka wa kuswalia, maana pembe zake zilikuwa zimeshaanza kuoza.

Hélio aliwapanga foleni. Alikuwa mtu wa mji wa bandari wa Quelimane, amezoea watu wa kila namna. Shida ilikuwa kwamba aliyetaja jina, kabla wino haujakauka, alikwisha kugawanyika akawa wawili, na kila mmoja alidai ndiye. Akifuta ili aandike upya, wamekuwa wanne. Umri wao nao ulikuwa wa saa chache tu: kufika adhuhuri waliofariki walikuwa wengi kuliko walioandikwa, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya asubuhi.

"Hawa ni familia ngapi, mamã?"

"Sijui, mwanangu. Hata mimi nimechanganyikiwa. Ninachojua, bila wao sivuni."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yake. Kiwanja alichopewa cha kuhamia alikuwa amekiona: kimeshindiliwa na magreda mpaka jembe linadunda. Nyumba ingejengwa tena, lakini hawa asingewapata kwa fundi yeyote.

Hélio alipekua kitabu cha maelekezo, hakuona ukurasa wao. Akampigia simu mkubwa wake. Jibu lilikuja kabla ya alasiri: mti ni wa mwenye shamba, paa ni la mwenye nyumba, ila ardhi ni mali ya dola, pamoja na waliomo.

"Kwa hiyo hawa ni wa Estado, wa dola," Hélio alisema.

"Na huyo Estado atawalisha?"

Hélio alifikiri kwa haki kabisa. "Hapo fomu haisemi, mamã."

Akawaomba warudi wakasubiri kuitwa. Wakakubali, wakaingia kwenye lundo mmoja mmoja, wakipishana kwa adabu.

Lori lilikuja Jumanne. Godoro lilipanda, milango ilipanda, mbuzi walipanda. Mlinzi wa kampuni alimtaka Saquina akung'ute kandambili zake, asije akaondoka na udongo wa dola. Kisha akaona fundo kwenye pindo la capulana, kanga aliyojifunga, akalifungua, na konzi moja ya udongo mweusi ikamwagwa barabarani. Hilo lilimuuma Saquina kuliko kubomolewa nyumba, na hakuelewa ni nani wa kumlilia.

Huko kwenye kiwanja kipya alianzisha lundo jingine. Hakuna aliyekuja. Majani yalikaa miezi mitatu vilevile kama alivyoyaweka, na lundo lilibaki baridi. Mahindi yalifika magotini, yakageuka manjano.

Mwezi wa Aprili alipita Ancha, jirani yake wa zamani, anayeuza samaki njia ya Palma. Alisema tingatinga limelisukuma lile lundo hadi pembeni ya uzio wa kampuni. Watu wake wamekaa juu yake, mikono magotini, wanasubiri orodha isomwe. Si wale wale tena. Ni vitukuu wa vitukuu, hakuna kati yao aliyewahi kumwona Saquina, lakini waliachiwa maneno.

"Wamekuulizia," Ancha alisema. "Wanataka kujua kama unakula."

Saquina aliyatazama mahindi yake, lakini si kwa muda mrefu.

"Waambie nakula," alisema. "Waambie hata leo nimeshiba."