Kanda ya Kwanza ya Nyundo

Mgeni alipiga hodi Athanasi akiwa amesimama juu ya stuli, anawaonyesha wenzake jinsi mpiga ngoma wa bendi ya Nyundo anavyotoka kwenye hesabu ya saba na kuingia kwenye ya tano bila kujikwaa. Nusura yeye mwenyewe aanguke. Kilichomshtua si mgeni, ni fulana ya mgeni. Ilikuwa nyeusi, imepauka kwa kufuliwa, na kifuani iliandikwa lile jina lenye konsonanti nne zinazofuatana, jina ambalo hakuna mtu Bariadi nzima aliyewahi kulianza akalimaliza.

Wote watatu, Athanasi fundi redio, Januarius fundi cherehani na Milembe karani wa mizani ya pamba, walimkodolea macho msichana wa watu mpaka akakunja mikono kifuani.

"Samahanini," alisema. "Kama mnafunga, naondoka."

"Usiondoke!" Januarius alipaza sauti kama anayeibiwa. "Dada, hiyo fulana umeitoa wapi?"

"Kwenye mitumba, mnadani Malampaka. Nilipoiona nikapiga kelele, muuzaji akapandisha bei palepale."

Kwa kelele hiyo tu, Milembe akampenda.

Ni vizuri kueleza kwamba Nyundo halikuwa jina la bendi hiyo. Mwaka mmoja nyuma, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, kiwanda kipya cha kuchambua pamba kilijengwa pembeni mwa mji, na fundi Mzungu akaja kufunga mashine. Alikaa wiki sita, na kwa wiki zote sita alipiga kanda moja, asubuhi mpaka jioni. Watu walidhani ni mashine zimeharibika. Magitaa yalikoroma, ngoma zilikimbizana kama ng'ombe waliovunja zizi, na wimbo mfupi kuliko zote ulichukua dakika tisa. Athanasi alimtengenezea yule Mzungu redio yake, naye siku ya kuondoka akamwachia kanda ile kama shukrani. Mji mzima ulishusha pumzi. Watu watatu tu ndio waliogundua kwamba hawawezi tena kuishi bila kelele ile. Walimwuliza Mzungu muziki huo unaitwaje, akasema ni metali, ya watu wanaopenda hesabu. Jina la bendi likawashinda, wakaiita Nyundo. Kila Jumapili baada ya misa walikutana kwenye banda la Athanasi, wakasikiliza, wakahesabu kwa vidole, wakabishana hadi jirani akawaomba wakabishane kanisani.

"Naitwa Maximiliana," mgeni alisema baada ya kupewa stuli. "Nimemleta shangazi hospitali, nikasikia muziki wenu kutoka barabarani. Hiyo ni kanda yao mpya, eti? Ya kwanza mnayo?"

Athanasi alizima redio.

"Ya kwanza ipi?"

Maximiliana alifungua mkoba, akatoa kanda iliyofungwa ndani ya kitambaa cha meza.

Waliisikiliza wakiwa wameinama juu ya redio kama watu wanaoota moto. Sauti ilikuwa ya vumbi. Mwimbaji, ambaye kwenye kanda mpya aliimba kama kengele ya kanisa, hapa alikwaruza koo kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Katikati ya wimbo wa tatu mpiga ngoma alikosea. Bendi yote ikasimama, mtu akacheka, mwingine akasema neno, kisha wakaanza tena kwa nguvu mara mbili.

"Wameliacha kosa!" Athanasi alishika kichwa. "Wamerekodia ndani ya ndoo, halafu na kosa wameliacha! Hawa bado walikuwa wanajifunza."

"Ndiyo uzuri wenyewe," Milembe alisema. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na hakuona haya. "Kwenye mpya wanajua kila kitu. Hapa hawajui, na bado wanapiga. Athanasi, hawaogopi! Hebu wasikie wasivyoogopa!"

"Wasioogopa ni wengi. Hata kuku haogopi barabara."

"Na wewe unapenda muziki uliopigwa pasi."

"Kupiga pasi kuna kosa gani?" aliuliza Januarius, ambaye pasi ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Walibishana mpaka jua likazama. Athanasi akasema watu wenye akili wangechagua kanda mpya. Milembe akasema watu wenye moyo wangechagua ya kwanza. Hapo Januarius akatamka jambo ambalo mtu yeyote wa Usukumani angelitamka mwishowe: kama hamwezi kukubaliana, ingieni uwanjani.

Kila msimu wa mavuno, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana hivyo. Kila kundi linachukua upande wake wa uwanja, yote mawili yanacheza saa ileile, na watazamaji hupiga kura kwa miguu: wanakimbilia kunakonoga. Mwenye watu wengi mwisho wa shindano ndiye mshindi, na anayeondoka uwanjani kabla ya wakati ameshindwa, hata kama alikuwa na umati wa nchi nzima. Kwa nini Nyundo wasishindane na Nyundo? Wakapanga Jumamosi, pembeni ya kituo cha kununulia pamba, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Atakayeshindwa hatafungua mdomo kuhusu Nyundo mpaka pamba ya mwaka ujao.

"Milembe anyamaze mwaka mzima?" Athanasi alicheka. "Serikali itatutunuku nishani."

Lakini kanda ya kwanza ilikuwa moja tu. Redio ya Athanasi ya milango miwili ya kanda ilikuwa imeanza kutafuna kanda kama mbuzi, hakuna aliyethubutu kunakili. Na kanda yenyewe, Maximiliana aliwaambia kwa sauti ya chini, haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake Fabian, fundi wa reli, aliyeipata masomoni Ulaya na kuja nayo mfukoni, si sandukuni, asije akaipoteza. Fabian alikuwa kazini Tabora, angerudi Malampaka na treni ya Jumamosi hiyohiyo, saa moja jioni.

"Alinikataza kuigusa," Maximiliana alisema. "Nimeigusa. Nikaja nayo mpaka Bariadi, maana nyumbani nasikiliza peke yangu, hakuna wa kubishana naye. Ninyi ni watu wa kwanza..." Hakumaliza. Alimtazama Milembe. "Kesho narudi na shangazi. Nikikuachia, utaniletea?"

"Nitakuwekea mkononi kabla treni haijasimama."

"Wewe mwenyewe? Usimpe dereva. Madereva wanapiga kanda za watu njiani mpaka zinanyooka."

"Mimi mwenyewe," Milembe alisema. Lilikuwa jambo jepesi. Lori la kiwanda lilipeleka marobota ya pamba stesheni ya Malampaka kila Jumamosi, linaondoka saa saba na nusu, na dereva wake, Sylvester, alimjua vizuri. Angeshinda kwanza, kisha angepanda lori.

Jumamosi ilifika na watu wake. Mikokoteni ilipanga foleni kwenye mizani, ambako siku hiyo alikaa karani mwingine, magunia juu ya magunia, na wakulima waliokwisha kulipwa walikuwa wakinunua vitu dukani na kutafuta cha kutazama. Athanasi hakuwa mtu wa mchezo. Alifunga spika nne kwenye mkokoteni, akawavisha maksai wake wawili mashada ya pamba nyeupe pembeni mwa masikio. Kanda mpya ilipoanza, safi kama maji ya kisima, watu walikimbilia kwake. Maksai walitikisa vichwa kwa ule mdundo, au kwa sababu ya nzi, na umati ukapiga vigelegele.

Upande wa Milembe kulikuwa na spika mbili, betri ya gari, Januarius aliyevaa koti alilolishona kwa gunia, na bibi mmoja aliyekuwa amekaa tu kupumzika.

"Ng'wangaluka, mayu," Milembe alimwamkia yule bibi Kisukuma, kama mama yake, akaona aibu kumwuliza kama anapenda muziki.

Bibi aliitwa Kwandu. Aliongoza kikundi cha watu wanaolimiana mashamba kwa zamu, na siku hiyo walikuwa wamekuja wote kuuza. Aliinamisha kichwa akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, na wa pili.

"Hawa watoto wanalima nini?" aliuliza.

"Hawalimi, mayu. Ni muziki tu, wa huko kwa Wazungu."

"Bebe, wewe! Mimi nimelima miaka hamsini, utanifundisha? Sikiliza. Inua, tupa. Inua, tupa. Inua, zungusha, daka." Alihesabu kwa kiganja juu ya goti. Saba, bila kukosea hata mara moja, saba ile ambayo Athanasi na wenzake walikuwa wameisaka miezi minane kwa vidole. "Wanalima vibaya, lakini wanalima kwa moyo. Ni shamba lao la kwanza hilo."

Akasimama, akawaita watu wake. Walikuja na majembe mapya, yenye karatasi za dukani bado zimebandikwa. Wakajipanga mistari miwili. Inua, tupa. Inua, tupa. Inua, zungusha, daka. Majembe kumi na sita yaliruka yakazunguka hewani, yakamulika jua, yakarudi mikononi palepale gitaa lilipoanguka. Na lile kosa la wimbo wa tatu lilipofika, bendi ikasimama, mtu akacheka ndani ya spika, na Kwandu naye akacheka, akashikilia jembe juu, mistari yote ikashikilia, uwanja mzima ukashikilia pumzi, mpaka Nyundo walipoanza tena kwa nguvu mara mbili na majembe yakashuka kama mvua.

Umati ulivunjika. Watu walimkimbia Athanasi kama nyumba inayoungua. Wanaume waliacha zamu zao kwenye foleni ya mizani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu pamba ianze kupandwa. Mtu alimbeba Januarius na gunia lake. Milembe alikuwa anaruka, kitambaa cha kichwa kimepotea, anapiga kelele maneno ya wimbo ambayo hakuyajua maana yake wala matamshi yake, na watu mia wasiomjua walikuwa wanayapaza pamoja naye vilevile alivyoyakosea. Ng'ambo, Athanasi alibaki na maksai. Hata ng'ombe mmoja alikuwa anatazama huku.

Ndipo honi ikalia.

Sylvester alikuwa ameegesha lori ukingoni mwa uwanja, injini inanguruma. Ilikuwa saa tano.

"Milembe! Kama unakuja, panda! Mabehewa yamefika mapema, bosi anataka marobota yawe stesheni saa kumi!"

"Saa saba na nusu, Sylvester! Tulisema saa saba na nusu!"

"Mwambie bosi, usiniambie mimi!"

Basi la Maswa lilikuwa limeondoka alfajiri. Gari jingine halikuwepo. Januarius alijipenyeza mpaka kwake, jasho linamtoka, akasoma uso wake.

"Usithubutu," alisema. "Bado saa mbili tu. Dada Milembe, tazama watu hawa! Fabian hatamla dada yake. Utaipeleka Jumamosi ijayo, utaomba radhi."

"Nilisema kabla treni haijasimama."

"Ulisema ulipokuwa hujui!"

Athanasi naye alikuwa amevuka uwanja. Alikuwa anahema, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Milembe hakukitegemea: majembe yale yalikuwa bado machoni mwa Athanasi, naye alikuwa ameusikia uzuri wa kanda ya kwanza.

"Baki," alisema taratibu. "Nakwambia mimi, adui yako. Ukiondoka umeshindwa, sheria ni sheria, sitaweza kuibadilisha mbele ya watu. Na leo hustahili kushindwa."

Milembe aliwatazama watu mia wanaoinua na kutupa. Alitamani sana kubaki, kiasi kwamba miguu yake ilikuwa bado inahesabu. Kisha akamwona akilini msichana aliyesikiliza peke yake nyumbani, ambaye sasa hivi pengine alikuwa anatazama barabara.

Akabonyeza kitufe.

Kimya kiliumiza masikio. Majembe yalishuka moja moja. "Kanda imekatika?" mtu aliuliza. Kwandu alimwangalia Milembe akitoa kanda, akiifunga ndani ya kitambaa cha meza. Umati ulisubiri kidogo, ukanung'unika, kisha, kama umati wowote, ukaanza kurudi polepole kulikokuwa na sauti. Milembe alipopanda lori, upande wake ulikuwa na mavumbi na karatasi za majembe. Athanasi alisimama kati ya watu wake wapya bila kucheka.

Njia ilikuwa mbaya kuliko kawaida. Tairi lilipasuka kabla ya Maswa, jeki ikakwama, wakaazima nyingine kwa mwenye trekta aliyelazimika kutafutwa shambani kwake. Saa kumi ya bosi iliwapita wakiwa bado chini ya lori. Milembe alikaa juu ya robota, kanda kifuani, na kila alipotaka kulia mdundo wa saba ulimtekenya miguuni akajikuta anacheka, na Sylvester akamwuliza kama jua limemwingia kichwani.

Walifika Malampaka treni inapiga honi ya mbali. Lori lilikwama nyuma ya mikokoteni. Milembe aliruka chini, akakimbia akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akapita mizigo, akapita wauza karanga, akamwona Maximiliana mwishoni mwa jukwaa ndani ya fulana nyeusi, amesimama kwa ncha za vidole.

Hawakusalimiana. Milembe alimwekea kanda mkononi, akamfumba vidole juu yake, na behewa la kwanza likaanza kupita mbele yao.