Sari ya Bibi na Kamba Nyekundu

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba Alhamisi iliyopita, nyumbani kwetu mtaani Azaiba, heshima ya sari ilitetewa mbele ya wanawake wa ukoo mzima. Kisha ikaanguka. Nasema ilianguka kwenye marumaru, yote.

Chanzo ni harusi ya dada yangu Aseel. Bibi Masouda alitaka siku ya hina bi harusi avae sari yake yeye Bibi, ya hariri ya zambarau, aliyokuja nayo kutoka Unguja. Shangazi Shariffa alikwisha mnunulia ya kisasa madukani huko Ruwi: imeshonwa tayari, ina zipu ubavuni na mfuko wa simu.

"Mfuko!" alisema Bibi. "Hiyo si sari, hiyo kanzu iliyojisahau."

"Mama, na hiyo yako ikimvuka, ikaanguka mbele ya wakweze?"

"Nikifunga mimi haivuki. Jioni n'takuvika wewe, bila pini hata moja. Ikikuvuka, Aseel na avae zipu lako."

Mimi, Khole, nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, ambako nilifunzwa kutopoteza nafasi. Sari hushikwa na gagulo, ile sketi ya ndani, na gagulo hushikwa na kamba. Nikaichomoa kamba yake nyekundu, nikatia mahali pake uzi dhaifu wa sufu. Shangazi akivuliwa nguo na historia! Nilicheka peke yangu chooni.

Baada ya Magharibi wageni walijaa ukumbini. Mlango ukafunguka, akatoka Bibi. Bibi mwenyewe, ndani ya sari.

"Blauzi imemkataa Shariffa," alisema. "Nimevaa mimi."

Nikamkimbilia.

"Bibi, kaa! Usitembee!"

"Kwani nna ugonjwa gani?"

Akatembea. Marinda yakafunguka na kujifunga kwa kila hatua, na wanawake wakaacha kahawa zao zipoe. Aseel alishika mdomo.

"Bibi, naitaka hiyo hiyo."

Hapo ndipo uzi ulipokatika.

Sari na gagulo vilishuka pamoja. Bibi akabaki na blauzi na suruali yake ya darizi, hariri imemzunguka miguuni. Hakuna aliyecheka, hata Shangazi, na hilo lilinitisha zaidi.

"Basi," Bibi alisema polepole. "Mikono imezeeka. Aseel, vaa ya zipu."

Akainama kuokota. Mkono ukasita kwenye gagulo. Akauvuta ule uzi wa sufu, akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Khole. Geuka."

Niligeuka. Kamba nyekundu nilikuwa nimeificha mahali ambapo, kwa akili zangu, hakuna ambaye angeitafuta: nilifungia msuko wangu.

"Nywele zimependeza," alisema Bibi. "Nani kakufunga?"

Shuleni nasifika kwa kukana mpaka mwalimu wa bweni anaomba radhi yeye. Lakini Aseel alikwisha lishika lile zipu, na macho ya Bibi yalikuwa yamelowa.

"Mimi, Bibi. Na kamba nimeitoa mimi. Mikono yako haina kosa. Nilidhani atavaa Shangazi."

"Alaa!" alisema Shangazi, akivua kiatu.