Vipimo vya Binti wa Fundi

Fundi alipima mara tatu, akakata mara moja. Katika miaka thelathini na minane ya kukanyaga cherehani hakuwahi kumharibia mtu kitambaa. Kwa hiyo majirani waliposikia amejiandikisha kwenye mafunzo ya kuandika programu za kompyuta, ya wanaoanza, na mvi zake zile, walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuna aliyemuuliza kama sasa atashona suruali kwa umeme mtupu. Fundi alitabasamu tu, akapita zake. Sababu yake ilikuwa moja, na hakuwa tayari kuianika mtaani.

Binti yake wa pekee alikuwa amesomea kuandika programu. Mwaka wa mwisho wa masomo alimwandikia babake programu ya kutunza vipimo vya wateja, maana daftari la duka lilikuwa limechakaa na nusu ya kurasa zake zina madoa ya chai. Ili kuijaribu, mteja wa kwanza kuingizwa alikuwa yeye mwenyewe. Alitaka gauni la mahafali, na kitambaa cha kijani kilikuwa kimeshanunuliwa.

"Baba, njoo unipime."

"Jipime tu mwanangu, huoni wateja hawa?"

Akajipima mbele ya kioo, akaingiza vipimo, akasubiri. Gauni lilikuwa la wiki ijayo, kisha la wiki nyingine. Kinyozi hajinyoi, binti wa fundi alikwenda kwenye mahafali yake na gauni la kuazima, tena limembana kwapani, na akacheka kwenye kila picha. Miezi minne baadaye aliugua siku tano tu, akafa.

Nguo zote za marehemu ziligawiwa baada ya msiba, Fundi akabakiwa na kitambaa na kompyuta yake. Alitaka jambo moja tu: kulishona gauni lile kwa vipimo vyake hasa, hata kama lingeishia kuning'inia ukutani. Tatizo ni kwamba programu ilikuwa ya nusu njia. Ilipokea vipimo na kuvihifadhi, lakini sehemu ya kuvionyesha binti hakujaliwa kuiandika. Vijana wa kumtolea namba zile kwa dakika mbili walikuwepo, wala wasingemtoza kitu. Aliona haya. Alishakataa kumpima mwanawe. Sasa hata kuvisoma vipimo amtume mtu?

Mwalimu wa mafunzo alikuwa dada mmoja wa rika la bintiye, mwepesi wa kucheka, mikono imejaa chaki. Siku ya kwanza aliposema klasi ni maelezo na kitu ndicho kinachotengenezwa kutokana na maelezo hayo, darasa zima lilimtumbulia macho. Fundi akanyoosha kidole.

"Yaani klasi ni karatasi ya kukatia, na kitu ni nguo yenyewe. Karatasi moja inatoa nguo mia, na kila nguo ina kiuno chake."

"Mzee, njoo ufundishe wewe, mimi nikae," alisema Mwalimu, akaiandika ubaoni. Fundi alirudi nyumbani siku ile amejaa furaha kidogo, ya kwanza tangu msiba. Akaiambia picha ya bintiye kwamba mambo yanakwenda.

Jumanne ya wiki ya tatu wakafundishwa kubadilisha sifa za kitu na kuzisoma. Hiyo ndiyo siku Fundi aliyokuwa akiingojea. Kompyuta ya binti ilikuwa mbele yake, na programu imefunguliwa.

"Kazi zenu za kweli msiziguse," Mwalimu alionya. "Jaribuni kwenye nakala."

Fundi aliyakubali maneno hayo kuliko mtu yeyote mle ndani. Namba zilikuwa palepale, mstari mmoja tu angezisoma, lakini aliogopa mkono wake usiokuwa na mazoea usije ukavuruga. Tahadhari kabla ya hatari. Akaandika mstari wake polepole: nakala = binti. Mashine ikakubali bila kunung'unika.

Sasa alihitaji vipimo vya mazoezi. Jirani yake wa dawati alikuwa dereva wa malori mstaafu, ambaye tumbo lake liliingia darasani kabla yake. Fundi akaitoa futi iliyokuwa shingoni kama kawaida.

"Nipime, lakini usiyatangaze matokeo," alisema Dereva.

Bega inchi ishirini. Kiuno arobaini na nne. Fundi akaviingiza kwenye nakala, kisha akaiamuru mashine ivisome: ishirini, arobaini na nne. Dereva akacheka hadi kiti kikalia. Fundi naye akacheka. Mkono ulikuwa umezoea sasa. Akajifuta viganja kwenye suruali, akaandika lile jina, binti, akaomba bega na kiuno.

Ishirini. Arobaini na nne.

Akaomba tena. Akaomba mara ya tatu.

Mwalimu alipoitwa aliinama, akasoma ule mstari wa nakala, na rangi ikamtoka usoni. "Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "hapa hukutengeneza nakala. Umekipa kitu kilekile jina la pili. Ni gauni moja, umelibandika lebo mbili. Ukipunguza hili, umepunguza lile."

"Na vya zamani viko wapi?"

Mwalimu alitafuta kwa muda mrefu. Programu ilihifadhi kila badiliko papo hapo na kufuta la awali. Ndivyo binti alivyoiandika, akijua babake ni mtu wa kusahau kuhifadhi. Hapakuwa na vya zamani.

"Namna ya kunakili ni somo la Alhamisi," Mwalimu alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliwaambia mnakili, sikuwaambia vipi. Nisamehe, Mzee."

"Usilie, mwanangu," alisema Fundi. "Mimi ndiye niliyeambiwa nipime."

Asubuhi iliyofuata hakufungulia wateja. Alikitandaza kitambaa cha kijani mezani, akasimama mbele yake mikono mitupu. Hasira ilimshika, akaitukana mashine, kisha akajitukana mwenyewe, na haikusaidia. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini fundi wa miaka thelathini na minane ana vipimo mikononi, alijiambia, mikono haisahau. Akafumba macho. Akamwaza bintiye amempa mgongo, akainua viganja, akavituliza pale mabega yalipokuwa. Vilijua pa kusimama. Vilisimama bila kusita hata kidogo.

Akaibana futi kati ya viganja hivyo, akafumbua macho.

Inchi kumi na mbili.

Alilijua bega lile. Lilikuwa la darasa la tatu, siku ya kupimiwa sare ya shule, mtoto amesimama juu ya kigoda akicheka kwa kutekenywa na futi. Baada ya siku ile zilianza kununuliwa sare za dukani, wateja wakaongezeka, na yeye hakumpima tena.

Fundi alilia kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa. Kisha akachukua chaki, akachora inchi kumi na mbili kwenye kitambaa cha mwanamke mzima. Hakupima mara ya pili. Akakata.