Ndizi za Wabwile

...zimelainika, Mungu wangu, zimelainika zote, hata za chini kabisa, mkono umezama shimoni mpaka begani na kila ndizi ninayoigusa ganda linabonyea, na joto hili, nani angeamini ndizi zilizofukiwa zinatoa joto lake zenyewe, kama kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi... "Nasimiyu, zimeiva? Nasikia harufu," mama mkwe anauliza kutoka kibarazani, macho yalimwishia tangu mwaka wa nzige lakini pua ya mama Rispah huwezi kuidanganya, namjibu, "Bado, mama, hiyo harufu ni ya kwa jirani," ya kwa jirani, uongo gani huo, jirani amepanda mtama mtupu, na leo ni siku ya nne namwambia bado, bado, kwa sababu ndiye aliyepanga, siku ile Wakhungu, askari mwenzake Wabwile, aliporudi kutoka vita vya Burma, kwamba tukate mkungu mzima tuufukie, ukiiva Wabwile atakuwa amefika, mwanawe, mume wangu, yeye mama amenye ya kwanza amlishe kwa mkono wake, maana Wakhungu alimwambia, "Yuko nyuma, mama, anakuja na gari la moshi la wiki ijayo," alisema huku anaangalia baiskeli yake, nikamwekea uji akasema ameshiba, mtu ameendesha kutoka stesheni ya Bungoma ameshiba nini, nikamfuata hadi njiani, akavua kofia, "Shemeji, tulimzika huko huko, kando ya mto, hata jina la mto silijui," na ni mimi, si yeye, ni mimi niliyesema usimwambie mama, kisha nikarudi nikachukua panga nikakata mkungu, nikijua, nikachimba, nikatandika majani, nikijua, mama akaniletea ndizi moja iliyoiva aliyoagiza sokoni Malakisi, "Iweke katikati iamshe wenzake," ndivyo tunavyofanya sisi wote, nami nikaenda nayo nyuma ya jiko nikaila, bila njaa, nikaimeza na machozi, ili hizi zingine zisiamshwe, wala sikuzifukiza moshi wa kuziivisha, na kila alfajiri nilifunua shimo baridi iingie, nikadhani zitabaki kijani mpaka... mpaka lini, mjinga mimi, mpaka mfu ashuke kwenye gari la moshi, kumbe zilianza siku ile ile panga lilipopita, hazihitaji kuamshwa na mtu, ziko gizani zinafanya kazi yake, unga unageuka sukari, utomvu unakauka, ule ukakasi wa kushika ulimi unaondoka, keshokutwa sukari nayo itageuka pombe na ganda litakuwa jeusi na nitakuwa nimemfukia mara ya pili, mimi, kwa mikono yangu, na namchukia Wakhungu kwa kurudi mzima, nisamehe, namchukia na kofia yake... "Ati bado? Si hata nzi wamefika huko, nawasikia," anasema mama, sauti haina hasira, imechoka tu, na mimi nasema ni nzi wa ng'ombe, mama, kisha nasikia fimbo yake inagusa ukuta, halafu inatulia, na hapo ndipo linaponijia, mkono ukiwa ndani ya joto, kwamba siku ya kwanza baada ya kufukia aliniuliza habari za gari la moshi, na ya pili, asubuhi na jioni, litafika lini, nani atashuka, na tangu siku ya tatu hajauliza tena, siku nne ni ndizi tu, zimeiva, zimeiva, hajalitaja gari wala stesheni wala jina la mwanawe, pua ile, masikio yale, alinisikia njiani na Wakhungu au alinisikia nyuma ya jiko nikimeza, sijui, ila anajua, siku nne ameketi pale peke yake na kifo cha mtoto wake akiningojea mimi nimpe ruhusa ya kulia, na mimi nilidhani namhurumia, huruma gani hii ya kumfanya mtu aombe msiba wake kama anaomba ndizi... nimeshika moja, ina madoadoa, nayajua kwa kidole bila kuyaona, nitaimenya mimi, nitamlisha mimi, hakuna mwingine, mkono bado umo shimoni, nzi bado wanazunguka, na yeye anauliza tena, polepole, "Mwanangu, zimeiva?" nafungua mdomo na lile neno 'bado' halimo tena.